Utumbo Ni wa Fundi

Mama Wakili alianza kununua vitu vya chuo kabla mtoto hajajua kama amefaulu. Siku chuo kilipofungwa, vijana waliomaliza masomo walitoka na mizigo wasiyotaka kurudi nayo kwao, naye alikuwa pale nje ya geti na kikapu chake, kama mtu aliyekuja kupokea wageni. Birika la umeme alilipata kwa bei ya sabuni. Ndoo yenye mfuniko, pasi, beseni, hanga za nguo na taa ya mezani yenye shingo iliyolegea kidogo, vyote aliviokota kwa bei ya kutupa kutoka kwa watu waliokuwa na haraka ya kwenda kuwa watu wazima.

"Vitu vya chuo hununuliwa chuo kinapofungwa," alimwambia mumewe alipofika nyumbani, huku akiisugua ile ndoo. "Kikishafunguliwa, hata kijiko kinapanda bei."

"Na mtoto asipofaulu?"

"Tutapigia pasi hapa hapa."

Mumewe alicheka. Alikuwa fundi wa makochi, na mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho. Jina hilo hakulipenda, ila hakuweza kulikana, kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kumletea kiti akaondoka bila kulisikia neno lenyewe kutoka kinywani mwake. Wateja walilalamika, walitukana, waliapa kwamba hawatarudi, kisha wakarudi. Kazi yake ilichelewa, lakini ilipotoka ilikuwa kazi.

"Godoro tu ndilo sijapata," mke akasema. "Walikuwa nayo, lakini godoro la mtu mwingine silitaki. Twende dukani sasa hivi, wakati hakuna anayenunua."

"Godoro niachieni mimi."

"Baba Wakili."

"Nimesema niachieni. Mimi nikaonekane nimebeba godoro la dukani? Fundi mzima? Si watasema kinyozi kaenda kunyolewa! Nitamshonea mwanangu godoro ambalo akilala hatataka kuamka kwenda darasani."

"Lini?"

Fundi alifungua mdomo, mkewe akamwonyesha kidole. "Usilitaje hilo neno."

Majibu yalipotoka, binti alikuwa amefaulu, na vizuri. Walimwita Wakili tangu utotoni kwa sababu hakuweza kuona kiumbe kinashtakiwa akanyamaza. Aliwahi kumtetea mbuzi wa jirani aliyekula nguo iliyokuwa kambani, akashinda, kwa hoja kwamba kamba ilikuwa imefungwa chini mno. Siku ya majibu baba yake alifunga karakana mapema, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata alipougua, akapita mtaani akimweleza kila aliyekutana naye kwamba binti anaingia chuo na godoro lake litashonwa na mkono wa baba yake. Alilisema mara nyingi mno. Neno likishatoka kwa watu wengi kiasi hicho, halirudi tena.

Nia ya kununua sponji mpya alikuwa nayo, asisingiziwe. Aliibeba nia hiyo wiki baada ya wiki. Lakini cherehani iliharibika, wateja wawili wakachukua makochi yao na kuacha ahadi, na tarehe ya kufungua chuo, tofauti na yeye, haikujua kusema kesho.

*

Mafundi wa makochi wana sheria yao ambayo haikuandikwa popote. Kile kinachotoka ndani ya kiti cha zamani, yaani sponji iliyochoka, pamba na matambara, wao hukiita utumbo. Mteja akitaka ndani kubadilishwe, utumbo wa zamani hubaki karakanani. Fundi ataujaza kwenye mito ya kuuza, ataukalia, atafanya anavyotaka. Utumbo ni wa fundi. Lakini mteja akisema ndani kusiguswe, basi fundi ni wa ngozi tu: avue kitambaa cha zamani, avike kipya, afunge, aseme asante. Wakili alikua akirukaruka juu ya lundo la utumbo karakanani kwa baba yake, na sheria hiyo aliijua kabla hajajua kusoma saa.

Mama Keki alileta makochi yake wiki chache kabla ya chuo kufunguliwa. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, aliyelea watoto wake kwa kuoka keki za harusi za watu wengine, na mikono yake ilikuwa na alama za oveni mpaka karibu na viwiko.

"Fundi, nataka kitambaa tu," alisema. "Ndani usiguse kabisa. Sponji hii marehemu mume wangu aliibeba mwenyewe alipokuwa akifanya kazi melini. Hebu tazama." Alikikandamiza kiti kwa ngumi, akaachia. Kiti kikainuka pale pale kama hakijaguswa. "Mwenyewe kaondoka, sponji iko vile vile."

"Ndani sigusi, mama."

"Na usiniambie kesho. Nina sherehe ya kumuaga binti yangu, anaingia chuo."

Alikitaja chuo. Fundi akapiga makofi kwa furaha, na furaha hiyo ilikuwa ya kweli. "Ndicho hicho hicho cha wangu!"

"Acha bwana! Basi sisi tumeshakuwa ndugu, Fundi. Watoto watafuatana kama mapacha."

Alilipa yote papo hapo, bila kubembeleza bei, kwa sababu ya huo undugu.

Siku aliyovua kitambaa cha zamani, Fundi alisimama na kisu mkononi. Sponji ilikuwa nyekundu iliyoiva, nzito, yenye matundu madogo madogo kama ya mkate mzuri. Maisha yake yote hakuwahi kushika kitu kama kile. Kwenye kona ya mto mmoja palikuwa na kitundu cheusi ambapo sigara ilikuwa imeunguza, labda ya marehemu mwenyewe. Mingine yote ilikuwa mizima. Fundi aliipanga ile mito sakafuni, mmoja baada ya mwingine, akapima kwa macho. Ilitosha kitanda cha bweni, na kipande kikabaki. Akajilaza. Alijiambia anapima tu.

Akafikiri alivyofikiri. Mama Keki ana maisha yake, hana shida. Nani hukaa akawaza kilicho chini ya makalio yake? Atakuta kitambaa kipya kinang'aa, atafurahi, wageni watasifu. Na mwanangu, mtoto wa kwanza wa ukoo mzima kuingia chuo, alale juu ya vipande? Mtu akitaka kuiba huanza kwa kujihurumia, na Fundi siku hiyo alijihurumia sana. Ndani ya makochi ya Mama Keki alitia sponji ya vipande, ile ya mabaki yaliyosagwa na kugandishwa, ambayo siku ya kwanza hujitutumua na wiki ya pili huomba msamaha.

Mkewe alikuja mchana na chakula. Akakuta mlango wa karakana umefungwa. Alipofunguliwa aliona ule wekundu umetandazwa sakafuni kwa urefu wa kitanda.

"Hii nzuri," akasema. "Umeinunua wapi?"

"Nimeipata."

Kuna nimenunua, kuna nimepewa, na kuna nimeipata. Mama Wakili alikuwa mke wa fundi miaka mingi, na maneno hayo matatu aliyajua tofauti zake. Makochi ya Mama Keki yalikuwa pale pale ukutani, yamevikwa tayari. Aliyatazama, akatazama sakafuni. Kisha akakaa, akatunga uzi kwenye sindano ndefu, akashika upande wake wa kitambaa. Walishona godoro la mtoto wao mpaka likaisha, na hawakuzungumza ila kuhusu uzi.

Mama Keki alipokuja kuchukua makochi yake alizunguka kila kiti akikipapasa, akasema mashallah, akatoa keki iliyofunikwa vizuri. "Hii ni ya mwenzake binti yangu. Mwambie ajikaze."

Wakili aliikata keki jioni, akampelekea baba yake kipande kikubwa.

"Jino linaniuma," Fundi akasema.

"Keki laini hii, baba?"

"Jino, nimekwambia."

Mama Wakili alikula chake chote, kimya kimya, mpaka makombo.

*

Siku ya kufungua chuo, uwanja wa mbele ya bweni la wasichana ulijaa wazazi. Kila mzazi alikuwa amevaa nguo yake bora, na kila mmoja aliichungulia mizigo ya mwenzake huku akijifanya anatafuta kivuli. Hapo ndipo utajiri na umaskini wa watu huanikwa juani: friji ndogo ya huyu, sanduku la bati la yule, masanduku ya magurudumu ya mwingine, na mzee mmoja aliyemletea mjukuu wake kitu kimoja tu, mto, akiwa ameukumbatia.

Fundi na mkewe hawakuwa na cha kuonea haya siku hiyo. Vitu vya Mama Wakili viling'aa kama vya dukani, na godoro lilivuta macho ya watu. Lilikuwa limevikwa kitambaa cha bluu kizito, limezungushiwa mkanda mweupe pembeni, limenyooka.

"Godoro hili mmelitoa duka gani?" mzazi mmoja aliuliza.

"Mkono wa baba yangu," Wakili akajibu kabla baba hajafungua mdomo. "Halipatikani dukani."

Foleni ilisogea. Mlangoni aliketi matroni, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, na mbele yake meza yenye funguo za vyumba. Mwenye godoro la kiwandani, likiwa bado ndani ya nailoni yake, alipewa ufunguo akapita. Wa Fundi wakafika.

"Hili tutalifungua," matroni akasema.

"Kulifungua?" Fundi akauliza.

"Tutazame ndani. Mwaka jana kunguni walitufungisha bweni zima. Lisilo na nailoni ya kiwanda linafunguliwa."

"Hili ni jipya, mama. Nimelishona mwenyewe."

"Ndiyo maana tunalifungua, mzee."

Watu wawili watatu walicheka. Fundi aliweka mkono juu ya godoro, akasema haraka haraka, "Basi hakuna taabu. Tutarudi nalo. Nitamnunulia lingine, maduka yako pale ng'ambo."

Wakili akamgeukia kwa mshangao. "Turudi nalo kwa nini, baba?"

"Sitaki lichanwe. Kazi yangu nzuri."

"Utashona tena, hata nusu saa haichukui." Alimsogelea, akashusha sauti. "Baba, watu wanatutazama. Tukirudi nalo watasema tuna kunguni. Mpaka namaliza chuo nitaitwa Kunguni. Fungua waone."

Mama Wakili alikuwa ameinama, anapanga upya vitu ndani ya ndoo vilivyokwisha kupangwa.

Nyuma kidogo kwenye foleni sauti ikaita, "Fundi! Ni wewe?" Alikuwa Mama Keki, na binti yake mrefu nyuma yake. Alikuja akitabasamu kwa mapana. "Nilikuwa nikutafute nikugombeze. Kile kiti cha katikati kimeanza kunimeza! Siku ya sherehe mgeni wangu alikaa, tukamwinua kwa mikono miwili."

"Kitambaa kipya, mama," Fundi akasema. "Kinajizoesha."

"Haya, kijizoeshe basi. Kuna nini hapa?"

"Wanadhani tuna kunguni," Wakili akasema.

"Kunguni? Huyu?" Mama Keki alimgeukia matroni, mikono kiunoni. "Dada, huyu fundi namjua mimi, kanishonea makochi yangu. Ni mtu safi. Fungua, Fundi, fungua watu waone kazi ya mikono, wapate aibu."

Fundi hakusogea. Matroni alichukua mkasi wake mezani.

"Usikate," Wakili akamwambia. "Mishono ya baba naijua. Ina kichwa chake." Akapiga goti, akapapasa ukingoni mwa kitambaa, akaupata uzi kwenye kona na kuuvuta. Mshono wote ukaachia, na binti akaifunua bluu kwa mikono yote miwili, kwa fahari, kama mtu anayefungua zawadi mbele ya aliyeileta.

Wekundu ukatokea.

Matroni aliinama, akavaa miwani yake, akachungulia kwenye maungio. Hakuona mdudu. Lakini binti wa Mama Keki alikuwa ameacha kutabasamu. Alinyoosha mkono akagusa kile kitundu cheusi cha sigara.

"Mama," akasema taratibu. "Ile ya baba."

Mama Keki alitazama. Alitazama pembe zilizoviringwa za mito yake, ambazo gundi haikuweza kuzificha, akatazama kitundu. Tabasamu lilimtoka usoni polepole, kana kwamba lenyewe lilikuwa halijaamini.

"Fundi," akasema. "Hii si yangu hii?"

Wakili alisimama wima. Hapa ndipo alipozaliwa kusimama.

"Mama, samahani," alianza kwa adabu. "Inawezekana kabisa ilitoka kwako. Lakini mafundi wana utaratibu wao. Ukibadilisha ndani, ile ya zamani inabaki kwa fundi. Utumbo ni wa fundi. Wote wanafanya hivyo, uliza popote. Siyo kwamba kuna mtu amechukua cha mtu."

"Sikubadilisha ndani, mwanangu. Nilimwambia asiguse."

"Labda umesahau, mama."

"Sijasahau."

"Watu wanasahau. Ulikuwa na sherehe, una oda zako za keki, una mambo mengi. Sisemi unadanganya. Ila si vizuri kumvunjia mtu heshima mbele za watu kwa kitu ambacho hukikumbuki vizuri."

Mzazi aliyeulizia duka la godoro alikuwa amesogea karibu apate kusikia. Mama Keki alipepesa macho, na kwa mara ya kwanza alionekana ameumia.

"Mimi sijamvunjia heshima, binti. Nimeuliza tu."

"Lakini umeuliza mbele ya watu wote hawa. Na baba yangu hajawahi kuchukua hata uzi wa mteja. Tangu nizaliwe." Akageuka. "Baba, mwambie. Alisemaje alipoleta makochi?"

Lilikuwa jambo rahisi mno. Alisema nibadilishe. Maneno mawili tu, na binti yake angeshinda kesi. Hakukuwa na shahidi, hakukuwa na maandishi, wala Mama Keki hakuwa mtu wa ugomvi. Fundi aliyaona yale maneno mawili, akayaleta mpaka kwenye meno. Lakini binti alikuwa anamtazama kwa uso uliokunjuka, uso usio na shaka hata chembe, na ulimi wa Fundi uliokuwa umesema kesho maisha yake yote ukagoma. Kusema kweli hakuweza, na kudanganya hakuweza. Aliangalia mkanda mweupe wa godoro, kazi ambayo asubuhi ile ile aliisifia.

"Baba?"

Upepo uliyumbisha hanga ndani ya ndoo.

"Baba, sema."

"Wakili," Mama Wakili akasema. Alikuwa ameinuka. "Mwombe mama radhi."

"Mimi? Kwa lipi? Ngoja kwanza baba a..."

"Mwombe radhi, mwanangu."

Wakili alimtazama mama yake. Akamtazama baba yake. Akarudi kwa mama, na watu waliokuwa karibu waliona jinsi shingo yake ilivyoshuka.

"Na wewe ulijua," akasema.

"Niliona rangi tu."

"Ulishona naye. Mishono ya upande huu ni yako."

Mama Wakili angeweza kusema mengi: kwamba mke hamuulizi mume maswali ya namna hiyo, kwamba tarehe zilikuwa zimekaribia, kwamba yeye tangu mwanzo alitaka waende dukani. Yote yalikuwa kweli, na yote yalimwonea aibu kutoka.

Wakili akamgeukia Mama Keki. Sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha. "Nisamehe, mama. Nimekuita msahaulifu mbele za watu."

"Hukujua, mwanangu."

"Nilisema kwa nguvu sana."

"Hukujua." Mama Keki alimshika bega, kisha akamtazama Fundi. "Ungekuja kuniomba, Fundi, ningekunyima, nakwambia ukweli. Ni kumbukumbu ya mtu wangu. Lakini leo ningesimama hapa kukuita mtu safi, na ingekuwa kweli."

Matroni alikohoa. Alikuwa mtu wa kazi, na foleni ilikuwa ndefu. "Kwa upande wangu kunguni hamna," akasema, akiokota ufunguo mezani. "Mnaweza kupita nalo."

"Halipiti," Wakili akasema.

Aliinama akaanza kulikunja. Fundi akajisogeza amsaidie, akanyoosha mikono ile iliyojua kubeba makochi peke yake ngazi hadi ngazi. "Niache, baba," binti akasema, bila hasira, kama mtu anavyomwambia mpita njia. Godoro lilikuwa zito. Binti wa Mama Keki akashika ncha ya pili. Wasichana wawili walilibeba katikati ya wazazi waliowapisha njia, wakalipeleka mpaka kwenye gari la Mama Keki, wakalisukumia ndani. Sehemu ya bluu ilibaki inaning'inia nje ya mlango.

*

Fundi alivuka barabara kwenda kwenye maduka. Kabla hajaondoka, mkewe alifungua fundo la kwenye pindo la kanga yake, akatoa pesa iliyokuwa ya matumizi ya mtoto ya wiki za mwanzo, akampa bila kumtazama.

Magodoro yalikuwa yamesimamishwa nje ya kila duka, na wenye maduka walikuwa na furaha ya siku moja kwa mwaka. Fundi aliuliza bei, akadhani hakusikia vizuri, akauliza tena.

"Leo chuo kinafunguliwa, mzee," muuzaji akamwambia. "Ungekuja kilipofungwa ungechukua kwa nusu. Hata ningekusindikiza."

"Najua," Fundi akasema.

Alibonyeza la bei ya juu, akaliacha. Alibonyeza la kati, akaliacha. La chini kabisa, ambalo pesa ilifika, hakuhitaji kulibonyeza. Alilijua kwa kuliona ubavuni tu, lilikuwa la vipande, ile ile ya ndani ya makochi ya Mama Keki. Siku hiyo lilikuwa limejitutumua.

"Ni zuri hilo," muuzaji akasema. "Linadumu."

Fundi, ambaye angeweza kumwambia siku ambayo lingeanza kubonyea, alisema, "Nifungie." Muuzaji aliandika risiti, akagonga muhuri, na Fundi akaipokea kama anavyopokea mtu asiyezoea, akaisokomeza mfukoni. Kisha akalibeba godoro la dukani kichwani, akavuka barabara, akapita katikati ya foleni. Hakuna aliyemcheka. Walimpisha tu na kuangalia pembeni, na yeye aliona afadhali wangecheka.

Wanaume hawakuruhusiwa kupita mlango wa bweni. Mama Wakili alikuwa ameshapandisha ndoo na birika na taa yenye shingo iliyolegea, akashuka, akasimama kando. Wakili alikuja mlangoni. Macho yake yalikuwa makavu, na alikuwa amenawa uso.

"Ni la dukani," Fundi akasema kutoka chini ya godoro. "Lina nailoni yake."

"Naliona."

Hakunyoosha mikono. Fundi alisubiri. Alitaka kumwambia kwamba angefanya kazi, kwamba angemletea lingine zuri mwezi ujao, lakini kila sentensi aliyoijaribu ilikuwa na kesho ndani yake.

"Risiti iko wapi, baba?"

"Sihitaji risiti, binti," matroni akasema kutoka mezani kwake. "Nailoni inatosha. Pitisha."

"Ni mimi ninayeihitaji," Wakili akasema.

Fundi alilishika godoro kwa mkono mmoja, kwa mwingine akapapasa mfuko wa shati. Haikuwemo. Akapapasa wa suruali, wa kulia, kisha akabadilisha mkono akapapasa wa kushoto, godoro likiyumba kichwani na watu wakisimama nyuma yake. Aliipata imekunjamana. Akampa.

Wakili aliinyoosha kwenye kiganja chake. Akaisoma yote, jina la duka, tarehe, kitu kilichouzwa, bei, mpaka chini kwenye muhuri, baba yake akiwa amesimama mbele yake na mzigo kichwani. Ndipo akanyoosha mikono, akalipokea.